Flashi au hadi diski? Vidokezo 12 vya kurekodi TV ukiwa Busia au Malaba

Taarifa ya habari ya Kiswahili huanza saa moja jioni, na saa hiyo wengi wa Busia bado wako kazini. Muuza samaki hajamaliza beseni. Dereva wa lori yuko kwenye foleni ya Malaba akisubiri karatasi zake. Mwendesha boda ndiyo kwanza anaona abiria wakiongezeka. Watu wa ratiba kama hizi ndio wanaohitaji kurekodi kuliko mtu mwingine yeyote, na vingi kati ya ving'amuzi vilivyoingia majumbani tangu Kenya izime mitambo ya analojia mwaka 2015 vina tundu la USB kwa kazi hiyo. Kilichobaki ni kununua kifaa cha kuhifadhia. Hapo ndipo pesa za watu hupotea bure, kwa kuwa dukani utasifiwa ukubwa na kasi, ilhali kurekodi TV hakuhitaji sana hivyo viwili. Kunahitaji ujazo wa kweli na stima inayotosha, tena kifaa kiwe ni kile ambacho king'amuzi chako kitakikubali.

1. Anza na king'amuzi, duka baadaye

Tundu la USB peke yake si ushahidi. Kwenye baadhi ya ving'amuzi limewekwa la kuonyeshea picha na kuongezea programu mpya tu. Azima flashi yoyote ya jirani, ichomeke, kisha bonyeza kitufe chenye doa jekundu kwenye rimoti. Dakika ikianza kuhesabika pembeni mwa skrini, una kinasa. Ikija alama ya kukataa, ingia kwenye menyu utafute PVR au Record. Usipopaona, weka pesa zako mfukoni.

TV za kisasa zenye kipokezi cha dijitali ndani yake nazo zina mambo yake. Baadhi ya Samsung na LG hurekodi vizuri, lakini hufunga rekodi kwa ufunguo wa TV hiyo hiyo, hivyo ukiipeleka kwenye kompyuta haifunguki. DStv Explora huja na diski yake ndani, na inachorekodi hubaki humo. Ukitaka rekodi unayoweza kumpa ndugu yako kwa flashi, king'amuzi cha chaneli za bure ndicho rafiki yako.

2. Piga hesabu ya saa kabla ya kuuliza bei

King'amuzi hakipigi picha ya skrini. Matangazo ya dijitali yanafika kwenye antena yakiwa tayari ni data iliyobanwa, na king'amuzi huiandika kama ilivyo. Ndiyo maana rekodi kwenye flashi ya bei nafuu na rekodi kwenye diski ya maelfu zina ubora ule ule kabisa. Tofauti ni saa ngapi zitaingia.

Kanuni ni rahisi: kila megabiti moja kwa sekunde hula takriban megabaiti 450 kwa saa. Chaneli ya kawaida inayotumia megabiti 2 itachukua gigabaiti 0.9 kwa saa, na ya HD inayotumia megabiti 8 itachukua 3.6. Hutaki hesabu? Rekodi dakika kumi za chaneli unayoipenda, tazama faili limefika megabaiti ngapi, zidisha kwa sita.

Sasa linganisha na maisha yako. Flashi ya gigabaiti 32 itabeba takriban saa 35 za chaneli ya kawaida. Mtu anayerekodi habari ya saa nzima kila siku, mwaka mzima bila kufuta hata moja, atajaza kama gigabaiti 330. Ni wachache mno hapa mpakani wanaohitaji terabaiti 2, na nasema hivyo nikijua kwamba wauzaji wengine hawatafurahi. Kwa familia inayotazama na kufuta, gigabaiti 64 inatosha. Kwa anayeweka mfululizo mzima wa vipindi, au anayetaka mechi za HD, chukua gigabaiti 500.

3. Flashi, hadi diski au SSD?

Flashi haina kinachozunguka, haili stima nyingi, na haijali ikidondoka. Udhaifu wake ni kuchakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi, na ile ya bei ya chini kabisa huchakaa mapema. Hadi diski ndogo ya inchi 2.5, ile inayoingia mfukoni, ndiyo yenye ujazo mwingi zaidi kwa kila shilingi, lakini ndani yake kuna sahani inayozunguka. Ikianguka ikiwa inafanya kazi, huenda usipate tena chochote. SSD ni tulivu, imara na ghali, na kwa kazi hii tu siioni faida yake. Ninunue SSD kwa kompyuta ya dukani, ndiyo. Kwa king'amuzi, hapana.

Hadi diski kubwa ya inchi 3.5 inataka adapta yake ya volti 12. Iache, isipokuwa una soketi ya ziada na stima ya kuaminika.

4. Kasi isikutoe pesa

Maboksi yana maandishi makubwa: USB 3.0, USB 3.2, megabaiti mia kadhaa kwa sekunde. Chaneli ya megabiti 4 huandika nusu megabaiti kwa sekunde. Hata tundu la zamani la USB 2.0 lina nafasi ya hayo mara nyingi sana.

5. Stima ya tundu la USB ndiyo inayoangusha wengi

Kidokezo hiki kisome mara mbili. Tundu la USB 2.0 limepangwa kutoa miliampia 500, na la USB 3.0 miliampia 900. Hadi diski ndogo inapoanza kuzungusha sahani yake inaweza kudai hadi miliampia 1,000 kwa sekunde chache. King'amuzi cha bei nafuu, tena chenye adapta iliyochoka, hakina za kutoa.

Dalili utazisikia kabla ya kuziona. Diski hutoa mlio wa tik, tik, tik bila kutulia. King'amuzi hujizima na kujiwasha. Au kila kitu kinaonekana sawa, kisha rekodi inakatika dakika ya ishirini bila sababu. Watu hurudisha diski dukani wakisema ni mbovu, nayo ni nzima kabisa, imekosa stima tu.

Njia za kutoka ni mbili. Ya kwanza ni waya wenye vichwa viwili vya USB, kimoja kwenye king'amuzi na kingine kwenye chaja ya simu iliyo nzuri. Ya pili ni kigawanyaji cha USB chenye adapta yake. Vyote vinaongeza gharama, kwa hiyo vijumlishe kwenye bei ya diski kabla hujaamua kwamba ni rahisi kuliko flashi. Nyumba inayotumia sola ina sababu zaidi ya kuchagua flashi: diski ndogo hula wati mbili au tatu muda wote inaporekodi, na betri ikishuka usiku diski ndiyo ya kwanza kuyumba.

Ushauri wa kweli ni kubeba king'amuzi na adapta yake hadi dukani. Muuzaji mwaminifu atakupa soketi. Kisirekodi dakika mbili tu ukaridhika. Kiache robo saa, nenda unywe chai, rudi.

6. Feki: jua ilivyotengenezwa, hutauziwa

Utaisikia: "Boss, hii ni terabaiti mbili, nakupa kwa elfu moja mia tano kwa sababu ni wewe." Inauzwa kwenye meza za kando ya barabara, kwenye vibanda vya stendi, hata na vijana wanaopita kati ya malori. Wengi wanaoiuza wamedanganywa na aliyewauzia wao, kwa hiyo usianze ugomvi. Kataa kwa adabu uende zako.

Ujanja uko kwenye chipu ndogo inayosimamia kumbukumbu. Imeandikwa upya ili iiambie kompyuta au king'amuzi kwamba ina terabaiti 2, ilhali kumbukumbu iliyomo ni gigabaiti 16 au 32. Ukiichomeka inaonyesha 2TB. Ukirekodi, rekodi za kwanza zinacheza vizuri. Ujazo wa kweli ukiisha, data mpya inaandikwa juu ya ya zamani au inatupwa, lakini majina ya mafaili yanaendelea kuonekana kwenye orodha na ukubwa wake kamili. Kwa anayerekodi TV ubaya ni huu: unagundua baada ya wiki kadhaa, ukitaka kutazama kipindi ambacho hakitarudiwa, na aliyekuuzia hakumbuki hata sura yako.

Kipimo kipo na hakina malipo. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu inayoitwa H2testw, iliyotoka kwa jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't. Hujaza flashi yote kwa data, kisha huisoma tena na kulinganisha. Linux na Mac zina F3. Nenda saiba yoyote ya mjini, mwombe mhudumu akuwekee, na uwe na subira: flashi ya gigabaiti 64 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde itataka karibu saa mbili za kuandika tu, kabla ya kusomwa. Diski kubwa iache usiku kucha. Fanya hivi siku ile ile ya kununua, risiti ikiwa bado ina joto la mkono wa muuzaji.

Neno moja la kuwatetea wauzaji. Diski ya 1TB ikionyesha 931 kwenye kompyuta, hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Vivyo hivyo 500 itaonekana kama 465.

7. Ya mitumba? Uliza imefanya kazi saa ngapi

Diski zilizotolewa kwenye kompyuta kuukuu na kuvishwa gamba jipya zinauzwa kote, na si zote mbaya. Programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha saa ambazo diski imewashwa tangu izaliwe, na kama ina sehemu zilizoharibika na kuhamishwa. Saa nyingi naweza kuvumilia. Sehemu zilizoharibika, hata chache, hapana.

8. Fomati kwa king'amuzi chenyewe

Ving'amuzi vingi husoma FAT32, baadhi husoma NTFS, na vichache husoma exFAT. Flashi nyingi za gigabaiti 64 kwenda juu hutoka kiwandani zikiwa exFAT, ndiyo maana king'amuzi husema hakioni kitu na mtu hudhani ameuziwa feki. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, chagua kufomati, mambo yaishe. Kumbuka kufomati kunafuta kila kilichomo, pamoja na zile picha za harusi ulizozisahau humo.

FAT32 ina kikomo chake: faili moja haliwezi kufika gigabaiti 4. King'amuzi kizuri hukata rekodi ndefu vipande vipande na kuvicheza mfululizo. Kibaya husimama hapo hapo. Mechi ya HD yenye muda wa ziada na penalti itavuka mpaka huo bila shida, kwa hiyo kama king'amuzi chako kinakubali NTFS, chagua NTFS. Na ving'amuzi vingi havielewi diski inayozidi terabaiti 2, sababu nyingine ya kutonunua dude kubwa.

9. Ukinunua upande wa pili wa mpaka

Bei hutofautiana kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, na mtu wa hapa huvuka kama anayevuka barabara. Plagi ni zile zile za pini tatu. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe rasmi na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, karatasi za pande zote mbili hushughulikiwa mahali pamoja. Ila usichanganye mambo: ule mpango rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa mizigo isiyozidi dola 2,000, unasamehe ushuru wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mahindi, mayai na ndizi, sawa. Hadi diski iliyotoka Uchina au Thailand haimo, hata kama uliinunua kwa shilingi za Uganda kutoka kwa rafiki yako. Ukinunua kadhaa za kuuza, waulize maafisa wa forodha kwanza.

Kwa diski moja ya nyumbani, swali kubwa ni dhamana. Dhamana ya duka haifuati diski. Kasoro ikijitokeza, ni wewe wa kuvuka tena, kutafuta duka, na kumkuta aliyekuuzia. Kama tofauti ya bei ni ndogo, nunua upande unaolala.

10. Radi, joto na stima inayokatika

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi, na Busia imo ndani yake. Wingu likijikusanya alasiri, chomoa waya wa antena pamoja na plagi ya ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi, kwani antena iliyo juu ya mlingoti ndiyo njia nyepesi ya radi kuingia sebuleni. Ndiyo, utakosa kipindi. King'amuzi, TV na diski vitabaki.

Stima ikikatika katikati ya kurekodi, faili linaweza kubaki bila kufungwa vizuri, na wakati mwingine orodha yote ya mafaili huvurugika. Kifaa cha kulinda TV kinachochelewesha stima inaporudi kitaokoa vifaa dhidi ya ule mshtuko wa kwanza, hakitaokoa rekodi. Anayerekodi vitu muhimu na ana betri ya sola aunganishe king'amuzi huko. Ving'amuzi vingi hutumia volti 12, lakini soma kwanza maandishi ya nyuma.

Diski usiiweke juu ya king'amuzi. Joto la Busia linatosha lenyewe. Iweke kando, juu ya mbao kavu, mbali na dirisha linaloleta vumbi la barabara ya malori.

11. Zima timeshift, na ujue unachoweza kutazama huku ukirekodi

Timeshift hukuwezesha kusimamisha matangazo ukapokee simu. Ili ifanye hivyo, king'amuzi kinaandika muda wote TV ikiwa imewashwa, na flashi yako inachakaa hata siku ambayo hukurekodi chochote. Izime kwenye menyu uiwashe unapoihitaji.

Ving'amuzi vingi vya bei nafuu vina kipokezi kimoja. Maana yake ni kwamba ukirekodi chaneli moja unaweza kutazama nyingine tu kama zinasafiri kwenye masafa yale yale. Wenye Citizen, NTV na KTN walianzisha kampuni moja ya mitambo, ADN, wakati wa mvutano wa kuhamia dijitali, na KBC husafirishwa na mitambo mingine, ya Signet. Kwa hiyo kurekodi Citizen huku ukitazama NTV mara nyingi kunawezekana, na kuhamia KBC huenda kukakatiza rekodi. Jaribu siku isiyo na mechi. Agosti 2025 Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa mashindano ya soka ya CHAN kwa pamoja, nyumba nyingi za hapa zilikuwa na mashabiki wa Harambee Stars na wa Cranes chini ya paa moja, na Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 litaandaliwa na nchi hizo hizo tatu. Yajue masafa ya chaneli zako kabla ya hapo. Kenya na Uganda zote zilichagua mfumo wa DVB-T2, basi ukiwa na nafasi, geuza antena magharibi utafute chaneli upya.

Na kama picha inakatika unapotazama, itakatika pia kwenye rekodi. Tengeneza antena kwanza, diski baadaye.

12. Kinachokuhusu kitoe humo mapema

Vipindi vya kutazama mara moja vifutwe. Lakini siku shule ya mwanao imeonyeshwa ikiimba kwenye tamasha la muziki, au runinga imerudia kipindi cha marehemu mwigizaji Charles Bukeko, yule Papa Shirandula wetu aliyezikwa hapa Busia Julai 2020, usiiache rekodi kwenye diski inayoandikwa kila siku. Chomeka diski kwenye kompyuta utafute folda ya rekodi. Ving'amuzi vingi huipa jina linaloanza na ALIDVRS. Ndani yake mna mafaili yanayoishia na .ts, na programu ya VLC huyafungua, kwenye kompyuta na kwenye simu pia. Nakili mahali pawili.

Rekodi itazame nyumbani na wageni wako. Kuonyesha rekodi kwa kiingilio ni biashara, na biashara hiyo inataka ruhusa ya mwenye kazi.

Kisha ondoa diski kwa menyu kabla ya kuichomoa, na uandike tarehe juu ya gamba lake kwa kalamu ya wino mzito.